ComboBox ya Windows Forms: tathmini baada ya kuitumia katika programu ya duka

Kifaa nilichokitegemea kuliko vyote nilipokuwa nikiandika programu ya madeni ya wateja kwa ajili ya duka moja la jumla la Mwembe Tayari ni ComboBox, orodha kunjuzi ya Windows Forms, maktaba ya kuundia madirisha ya programu ambayo Microsoft iliitoa pamoja na .NET, jukwaa lake la kuandikia programu, mwaka 2002. Ninaipima hapa kwa jambo moja tu, nalo ni namna inavyolifunga kila jina la orodha na rekodi yake katika hifadhidata.

Mombasa jambo hilo si dogo, kwani majina yetu hurudiana mno. Duka lilikuwa na wateja watatu wa jina moja, lao na la baba, na toleo langu la kwanza, nililoliandika kwa pupa, lilichukua maandishi yaliyochaguliwa na kuyatafuta upya katika jedwali la wateja. Basi deni la mchele la mtu wa Likoni likamwangukia wa Kisauni, naye akaja dukani kuuliza, kwa haki yake, mchele huo aliula lini.

Dawa imo katika sifa tatu. DataSource huelekezwa kwenye jedwali lililosomwa, DisplayMember hutaja safu ya kuonyeshwa, na ValueMember hutaja safu ya ufunguo msingi, yaani namba ya pekee ya kila rekodi, hivyo karani akichagua jina, SelectedValue hurudisha namba ya mteja. DisplayMember hupokea safu moja tu, kwa hiyo niliunganisha jina na mtaa ndani ya SQL yenyewe, lugha ya kuulizia hifadhidata, na tangu hapo karani huwatofautisha wale watatu kwa macho. Waliopitia Visual Basic 6, lugha ya Microsoft iliyotangulia .NET, watakumbuka ItemData, iliyobeba namba nzima tu na kukuachia kazi ya kuijaza mstari kwa mstari.

Hata hivyo, kifaa hiki kina vituko vyake. Ukiweka DataSource kabla ya ValueMember, tukio la SelectedIndexChanged, linaloarifu kuwa chaguo limebadilika, huwahi kufyatuka, na SelectedValue hukupa mstari mzima badala ya namba. Orodha ikishajaa, rekodi ya kwanza hujichagua yenyewe. Usipoweka SelectedIndex kuwa -1, yaani hakuna kilichochaguliwa, karani mwenye haraka atamtwika deni mteja wa kwanza katika alfabeti. Orodha mbili za fomu moja zikichangia jedwali lilelile husogea pamoja, mpaka kila moja ipewe BindingSource yake, kiunganishi kinachokumbuka mstari uliochaguliwa.

Udhaifu usio na dawa rahisi ni utafutaji, kwa kuwa ukamilishaji wake wa maneno hulinganisha mwanzo wa maandishi pekee, na anayeandika jina la mtaa hapati kitu. Kwa wateja wa duka hili, ambao hawafiki mia nne, ComboBox inatosha. Kwa orodha ya bidhaa, iliyo ndefu zaidi, niliiacha nikaweka kisanduku cha kutafutia.