Cherehani ya mkono kwa mama mwenye dakika kumi kumi

Kama unazo saa tatu mfululizo za kushona kila siku, usinunue cherehani ya mkono. Nenda kanunue ya kukanyaga au ya umeme, utanishukuru. Haya ninayoyaandika ni kwa yule ambaye muda unamjia vipande vipande: dakika kumi maharage yakichemka, robo saa watoto wakioga, nusu saa madaftari yakishasahihishwa na sebule imebaki yangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mbeya. Nina watoto watatu, naishi na mama mkwe, na nashona mifarishi ya viraka. Sishonei soko. Mji wetu uko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba hulali hapa kwa shuka moja. Zaidi ya hapo, nikishika vitambaa akili yangu inatulia kuliko nikishika simu.

Sitaitaja nembo ya cherehani yangu, na kwa kweli haina umuhimu. Simama mbele ya duka lolote la cherehani utaziona zimepangwa, nyeusi, maua ya dhahabu ubavuni, majina tofauti na mwili mmoja. Umbo hilo asili yake ni Singer namba 15, ya kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 1851, na baadaye viwanda vya Japani, India na China vikaliiga karibu kila kipande. Kwangu hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya mashine hii. Bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, ikipotea chini ya kochi naipata nyingine sokoni Mwanjelwa bila kutaja jina la kampuni. Sindano ni zile za kawaida za cherehani za nyumbani, zenye ubapa upande mmoja wa shina. Natumia namba 14 kwa kitenge, na namba 16 nikifika kwenye tabaka nene. Hata mafundi wa pembeni ya barabara wanaijua kwa kupapasa. Nilipomwuliza mmoja kwa nini uzi unakatika, hakuinuka hata kwenye kiti: "Madam, hiyo sindano umeitumia tangu lini? Badili kwanza, halafu uje tuongee."

Sasa kishikio. Kimefungwa kwenye gurudumu la kulia, na mzunguko mmoja wa mkono unatoa mishono mitatu hivi. Ni polepole, na mtu wa biashara atalia. Lakini kwa viraka polepole ndiyo raha yenyewe. Pale pembe nne zinapokutana, mahali ambapo mfarishi unapendeza au unaharibika, unaweza kupeleka mshono mmoja, ukaangalia, ukapeleka wa pili. Cherehani ya umeme ya wifi yangu niliwahi kukaa nayo muda wa kutosha kuijua. Ni nzuri kwa pazia na shuka, ila ukigusa tu kanyagio imeshafika ukutani, na umeme ukikatika unabaki umekaa mbele ya pambo.

Hii ya mkono haihitaji chochote. Haina waya, wala huna haja ya kutafuta meza karibu na soketi. Yangu inakaa kwenye kona ya meza ya chakula na kifuniko chake cha mbao, na kuanzia kukifunua hadi kupiga mshono wa kwanza ni muda wa kukaa kitako tu. Jambo kubwa zaidi ni kwamba unaweza kuiacha katikati. Ugali ukiita, unateremsha sindano ikae ndani ya kitambaa, unaondoka, unarudi baada ya chakula na vyombo, na mshono uko palepale unakusubiri. Nimeacha mshono jioni nikaumalizia alfajiri kabla ya kuwaamsha watoto. Mlio wake ni mdogo, tiki-tiki tu, hakuna anayegutuka.

Ili dakika kumi zitoshe kufanya kitu, kazi ya kukata isiingiliane na kazi ya kushona. Mimi nakata Jumamosi. Nina kipimo cha mraba cha inchi 5 nilichokata kwenye boksi gumu la sabuni. Mabaki ya vitenge nayapata kwa mafundi wanaoshona magauni ya sare, na msimu wa harusi salfeti inajaa. Vitambaa vipya nafua kwanza, hasa vyekundu na vya buluu, maana vinachuja na vinarudi. Nikishakata napanga viwili viwili, uso kwa uso, nabana na pini, natia kwenye kopo la maziwa ya unga lililo pembeni ya cherehani. Dakika zikipatikana navuta jozi moja, naipitisha, na bila kukata uzi nafuatisha jozi nyingine, na nyingine, zinatokea nyuma zikining'inia kama bendera za sherehe. Ukingo wa mguu wa cherehani, ule unaokandamiza kitambaa chini ya sindano, ndio kipimo changu cha mshono, robo inchi, hivyo kiraka cha inchi 5 kikishashonwa pande zote kinabaki inchi nne na nusu. Yote haya mashine inayafanya bila kulalamika. Mshono wake ulionyooka ni mzuri kuliko wa mashine nyingi mpya za plastiki nilizoziona, na uzito wake wa chuma unaifanya isihame mezani hata nguo ikivuta.

Ugumu unaanza viraka vinapokuwa mistari mirefu. Mkono wa kulia uko kwenye kishikio, wa kushoto peke yake ndio unaelekeza kitambaa. Kwa vipande viwili vidogo, sawa. Kwa mstari wa upana wa kitanda, mkono mmoja hautoshi: huku unashika pini, kule kitambaa kimejikunja, na mshono umeenda kombo. Dawa niliyonayo ina umri wa miaka tisa. Binti yangu wa pili anavuta kigoda upande wa kulia, anashika kishikio, mimi nabaki na mikono yote miwili kwenye kitambaa.

"Niende, mama?"

"Nenda. Taratibu. Simama hapo kwenye pini."

Ana mkono mzuri kuliko nilivyotegemea. Anazungusha huku anakariri jedwali la saba, mzunguko mmoja jibu moja, na akikwama kwenye saba mara nane cherehani nayo inakwama. Anauliza kila kiraka kilikuwa nguo ya nani. Hiki ni gauni langu la ujauzito wake, hiki shati la baba yake lililochanika mfukoni, hiki kitenge cha shangazi. Kaka yake wa miaka kumi na tatu anajidai ana kazi ya shule, lakini nimeshamkamata akinyoosha shingo. Sijui kama aliyebuni kishikio hiki alifikiria watoto, ila cherehani ya umeme isingenipa mtu wa kukaa naye. Huyu wa mwisho, wa miaka minne, ndiye wa kuangaliwa, kwa sababu vidole vyake vinapenda chini ya sindano. Nikiondoka nachomoa kile kijino kinachounganisha kishikio na gurudumu, azungushe hewa mpaka achoke.

Kwenye kuunganisha tabaka tatu, yaani uso wa viraka, kijazio na kitambaa cha chini, nitakuwa mkweli: hapa si mahali pake. Nafasi kati ya sindano na shingo ya mashine haifiki shubiri. Mfarishi wa kitanda cha futi tano ukiukunja upite hapo unapata kitu kinene kama mkeka uliokunjwa, na kwa mkono mmoja hauendi. Mfarishi wa mtoto unapita, tena vizuri, ukirefusha mshono na kulegeza kidogo mkazo wa uzi wa juu. Mkubwa naufunga mafundo. Ndani naweka blanketi jepesi la mtumba, kwa sababu pamba ya kumwaga hukusanyika pembeni ukishafua. Natandaza tabaka zote sakafuni, napiga bandi ndefu za kuzishikilia kwa mkono, kisha kila pembe za viraka zinapokutana napitisha uzi wa kufumia masweta na kukaza fundo mara mbili. Hiyo ni kazi ya mama mkwe. Anakaa na redio yake, upande mmoja wa mfarishi umemfunika miguu, anafunga mafundo mpaka taarifa ya habari iishe. Yeye ndiye aliyenipa kanga yake iliyochakaa niikatie viraka, kwa sharti moja: "Jina lisikatwe, mwanangu. Ua likate utakavyo." Basi ule ukanda wenye maandishi niliushona mzima, ukakaa upande wa kichwani. Kanga ni nyembamba kuliko kitenge, na mashine iliposhona vyote viwili pamoja haikukunja wala kutafuna upande wa kanga, mradi kanga iwe chini.

Mapungufu mengine nitayapita haraka. Haina mshono wa zigizaga, kwa hiyo ncha zinazofumuka ni za kukunja au za kupeleka kwa mwenye ovaloki. Haina taa, na usiku kitambaa cheusi na uzi mweusi ni ugomvi na macho. Bawaba za kifuniko changu zilikuja zimelegea, na skrubu ya kishikio inataka kukazwa mara kwa mara. Mafuta iwekee ya cherehani tu. Ya kupikia yanaganda na kuifanya nzito, na ukishaiwekea mafuta piga kwanza mishono kwenye tambara, usije ukaacha doa kwenye kiraka cheupe.

Bei: niliipata chini ya laki tatu pamoja na kifuniko, na bei hizo zinajadilika ukienda na mtu anayejulikana dukani. Usiende mikono mitupu. Beba vipande vyako vya kitenge, vinne vilivyobebana, na karatasi ya daftari. Omba upitishe karatasi bila uzi, uone kama matundu yamenyooka na yana nafasi sawa. Kisha tia uzi, shona vile vipande vinne, geuza uangalie chini: uzi wa chini usionekane kama kamba iliyolala juu ya kitambaa. Zungusha kishikio ukiwa umeweka sikio karibu, mlio wa kugongana ni dalili ya meno mabovu. Muuzaji akikwambia "wewe kajaribu nyumbani, mama", funga mkoba wako uende duka la pili. Na kabla ya kulipa dai bobini za ziada, maana watakupa moja na watasahau kwa makusudi.

Kitu kimoja nilifurahi kukijua mapema ni kwamba kichwa hikihiki, yaani mashine yenyewe, kinakaa kwenye meza ya kukanyaga. Unatoa kishikio, unavalisha mkanda kwenye gurudumu, umepata mikono miwili. Wengine hufunga mota. Kwa hiyo mwenye pesa kidogo sasa hivi anunue kichwa na kishikio, meza ataitafuta baadaye, hata iliyotumika. Mimi nimeanza kuulizia meza, na binti yangu hajafurahia habari hizo hata kidogo.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nitampa fundi atakayeniwekea kishikio upande wa kushoto.