TAHADHARI: Kishoka wa vyeti stendi ya Himo

Kina mama wenzangu mnaopeleka maharage na vitunguu Taveta, Kenya, shikeni hela zenu. Jumamosi iliyopita tumelizwa watatu kwa mpigo, na mmoja ni mimi ninayejifanya mzoefu.

Kijana yuko stendi tangu saa kumi na moja alfajiri. Kizibao cha kung'aa, faili kwapani, shikamoo nyingi. Anasema mpakani Holili foleni imefika barabarani, umpe elfu kumi na tano kwa gunia na kitambulisho akipige picha, atakuletea cheti cha uasili (karatasi ya kuonyesha mzigo umetoka nchi gani) kabla gari halijajaa. Na kweli analeta! Nililipa 45,000 kwa magunia matatu, nikamnunulia na chai juu.

Mpakani afisa wa forodha alilowesha kidole akakipitisha kwenye mhuri. Wino haukutoka hata kidogo, fotokopi. Akazipanga karatasi zetu tatu mezani: namba ileile. Aibu ya pale siisimulii.

Sasa jueni. Cheti kile cha uasili, kile kirahisi cha wafanyabiashara wadogo, kinatolewa hapohapo forodha, BURE, kwa bidhaa za Afrika Mashariki zilizo kwenye orodha, mzigo usiozidi dola 2,000. Yetu haifiki hata robo. Cheti cha afya ya mimea ni kitu kingine na kina ada yake, lakini ada ya serikali hulipwa kwa kontroo namba inayoanza na 99, haiingii kwenye simu ya mtu. Hivyo viwili tunavichanganya, naye anakula hapo.

(Msiniambie ningepita njia ya panya. Huko ukikamatwa, gunia lenyewe linakwenda.)

Taveta nilifika saa saba, wanunuzi wakubwa wameshapakia. Niliwaachia madalali kwa bei waliyotaka wao.

Kinachoninyima usingizi ni ile picha ya kitambulisho. Uliyempa, piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa jina lako. Mimi nimekuta moja nisiyoijua. RB ya polisi ninayo. Wenzangu wawili wamegoma kwenda polisi. Mmoja, mumewe hajui kama alikuwa na hizo hela. Kama na wewe umelizwa nifuate inboksi, tukaandikishe pamoja.

Simu yake haipatikani tena, ila Jumatano ni gulio, na magari ya alfajiri yanapakilia palepale.