Madigadi kopi za Land Rover 109: uzoefu wangu, na jibu nililopewa na muuzaji

"Mama, gari lako ndilo limepinda. Hebu mpe simu mwenye gari niongee naye."

Mwenye gari ni mimi. Kadi ina jina langu, bima nalipa mimi, na kabichi zinazoteremka Mombo alfajiri kwa gari hilo nazinunua mimi mwenyewe kwa wakulima huku milimani. Naandika kwa sababu wenye Land Rover 109 za zamani (zile ndefu, inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) hawaishi kunisimamisha njiani kuuliza zile madigadi nimezitoa wapi na kama zinafaa. Jibu lake si la neno moja, na kila nikianza kulieleza hasira inanipanda upya. Nivumilieni.

Gari ni pikapu, Series III, yaani toleo la tatu, enzi zake lilikuwa la shamba la mkonge upande wa Korogwe. Nililinunua injini ikiwa nzima na bodi imechoka. Watu hudhani Land Rover haiozi kwa kuwa bati lake ni la aluminiamu. Ni kweli, tangu zile za kwanza za 1948 bati ni aluminiamu, maana Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha shida. Lakini ukuta wa mbele, ule unaobeba kioo, dashibodi na bawaba za milango, ni chuma. Fremu za milango ni chuma, bolti ni chuma. Chuma kikilaliana na aluminiamu halafu unyevu ukaingia katikati, aluminiamu inaliwa polepole na kugeuka unga mweupe. Na huku kwetu Lushoto kuna asubuhi ukungu hauondoki mpaka saa nne. Madigadi yangu ya kulia ilifika mahali ukiigonga kwa kidole, unga unamwagika chini kama wa muhogo.

Nilivumilia hivyo hivyo. Kilichonitoa uvumilivu ni picha za lile tamasha la Land Rover pale Arusha mwaka 2024. Magari ya umri wa langu, mengine ya zamani kuliko langu, yamepangwa mstari yanang'aa. Nikasema hapana, hili haliwezi kubaki hivi, gari limenisomeshea watoto.

Nikatafuta. Orijino kutoka Uingereza nilipoambiwa bei yake na usafiri nilinyamaza. Ndipo nikaelekezwa kwa muuzaji mmoja wa spea jijini anayeleta kopi. Jina lake sitaji. Nikamuuliza kwenye simu mara mbili: je, zinaingia bila kukatwakatwa? Akajibu, "Zinaingia zenyewe mama, ni kufunga bolti tu." Maneno hayo yashikeni. Nikatuma hela ya madigadi zote mbili na milango miwili, nusu za chini, kwa sababu nusu za juu zenye vioo zangu zilikuwa bado nzima. Mzigo ukapakiwa kwenye basi, nikaupokea Mombo usiku.

Nilipofungua maboksi nilifurahi, lazima niwe mkweli. Nilichukua sumaku ya spika kuukuu nikaipitisha juu ya bati lote, haikunasa. Aluminiamu kweli. Rangi ya msingi imepigwa sawasawa, kingo hazikati mkono. Nilipobonyeza kwa dole gumba katikati niliona bati linabonyea kwa urahisi kuliko la zamani, nikajisemea moyoni basi, ndiyo kopi hiyo, nyepesi kidogo haina neno.

Fundi wangu ni mzee aliyestaafu kwenye karakana ya shamba la mkonge. Ni mtu wa kuamkiwa shikamoo kwanza, ndipo muongee mambo ya spana. Na spana zake za Land Rover ni zile za inchi, ameziviringisha kwenye kitambaa cha khaki, haziazimi kwa mtu. Alitoa madigadi ya zamani ya kulia bila kuivunja, kila bolti iliyogoma akaipaka oili na kuingoja. Akainyanyua mpya, mjukuu wake akashika upande wa taa, mimi nikashika nyuma.

Bolti za mbele, upande wa rejeta, zikaingia. Tukahamia nyuma, pale madigadi inapokutana na ukuta wa mbele. Tundu la juu likaonana na mwenzake. La pili likaonekana nusu, kama mwezi. La tatu ukichungulia unaona bati tupu. Mzee akalegeza za mbele, akavuta, akafunga za nyuma kwanza. Zikakubali, lakini mbele pakabaki nafasi inayopita dole gumba langu, na taa ikawa inatazama migombani.

Nikapiga picha, nikazituma WhatsApp. Tiki zikawa bluu. Nikangoja. Nikapiga simu, na hapo ndipo nikaambiwa gari langu limepinda, nimpe simu mwenye gari. Nikamwambia, "Mwanangu, mwenye gari ndiye anayeongea nawe." Akacheka kidogo, sikusikia vibaya, akacheka, akasema, "Basi mpe fundi, maana haya mambo ya vipimo si ya kwenye mboga mama." Hajaliona gari langu hata siku moja. Hajui limepinda wapi. Alijua tu kuwa anaongea na mwanamke anayeuza kabichi. Hela nilipomtumia hakuniuliza kama mwenye gari yuko karibu.

Usiku ule sikulala. Niliandika ujumbe mrefu wa matusi, nikaufuta.

Asubuhi nikamkuta mzee ameshaanza kazi yake kimya kimya. Ana futi kamba na uzi. Alikuwa anapima ukuta wa mbele kwa mshazari, kutoka kona ya juu ya nguzo ya mlango wa kulia hadi ya chini kushoto, halafu kinyume chake. Vipimo viwili hivyo vinatakiwa kulingana. Havikulingana. Akakwangua rangi chini ya nguzo ya kulia, akanionyesha: palikuwa na kiraka cha zamani, mtu aliwahi kukata palipooza akachomelea kipande bila kuishikilia nguzo kwanza, ikakaa imeshuka. Miaka yote hiyo naendesha, mlango unagoma kufunga, nadhani ni bawaba.

Kwa hiyo gari lilikuwa limepinda. Naliandika hili ingawa linaniuma, kwa sababu nikilificha nitakuwa nimewadanganya. Yule kijana muuzaji alisema kweli bila kujua kama anasema kweli.

Mzee akakata kiraka, akaweka jeki chini ya nguzo, akapandisha kidogo, akapima, akapandisha, akapima, mpaka mishazari ikalingana, ndipo akachomelea. Gari lilikaa bila kwenda kazini zaidi ya wiki, mimi nakodi kenta kwa hela ambayo sikuipanga. Baada ya hapo madigadi ya kushoto iliingia kama ilizaliwa nalo. Bolti zote zilishika kwa vidole kabla ya spana. Nilipiga makofi peke yangu pale uani.

Ya kulia ikagoma tena.

Safari hii mzee hakubishana na gari. Aliilaza madigadi ya zamani juu ya mpya, akalinganisha kingo, akapitisha chaki kwenye kila tundu. Alipoiondoa, alama za chaki zilikuwa juu na matundu ya kiwandani yako chini, yote, kwa upana wa penseli. Si moja wala mawili. Safu nzima. Aliyeitoboa aliiweka vibaya mara moja, akatoboa zote. Nikapiga picha, chaki inaonekana wazi, hata mtoto angeelewa. Nikapiga simu. Jibu: "Hakuna gari la zamani linaloingia bila kutoboa mama. Toboa." Yule yule aliyeniambia ni kufunga bolti tu. Nikamwambia nairudisha basi, hatujaikata. Akasema mzigo ukishafunguliwa haurudi.

Kama ningeandika siku ile ningewaambia msinunue kwake hata nati. Leo nikisema hivyo nitakuwa sikuwatendea haki, kwa sababu ya milango.

Milango ile ni kitu kingine kabisa. Yote miwili ilifungwa kabla ya adhuhuri. Bawaba zikakaa, nusu za juu zangu kuukuu zikashuka kwenye mashimo yake bila kulazimishwa, na nafasi kati ya mlango na nguzo ni ile ile juu hadi chini. Zamani nikifunga mlango ilikuwa niuvute kwa mikono miwili huku naunyanyua. Sasa nausukuma kwa kiwiko nikiwa nimeshika daftari la mahesabu, unajibu mara moja. Nimewahi kuufungua na kuufunga mara kadhaa gari likiwa limesimama tu, kuusikia. Mlango huo ningeununua tena kesho, kwa bei ile ile. Na madigadi ya kushoto pia, kusema kweli. Ni ya kulia. Au si ya kulia, ni yale maneno. Tundu linazibika. Kuambiwa nimwite mwenye gari wakati nimesimama na gari langu mwenyewe, hilo hata leo sijajua nilizibe na nini.

Mkiamua kununua, pimeni mishazari ya ukuta wa mbele kabla ya kutuma hela, uzi na futi kamba vinatosha. Na msitupe bati la zamani hata likiwa limeoza, ndilo shahidi wenu. La kwangu limeegemea ukuta wa jikoni mpaka sasa na chaki haijafutika yote. Kitu kingine ambacho mzee alikifanya bila kuombwa: alikata vipande vya mpira wa tyubu akaviweka kila mahali aluminiamu inapokutana na chuma, ili visilaliane tena. Kazi hiyo muuzaji hawezi kukuambia, na nadhani ndiyo itakayoamua kama bati hili litadumu.

Madigadi ya kulia aliitoboa upya. Matundu ya kiwandani ameyaziba kwa ribiti, ukipita mbali huoni. Ila kona ya juu, pale bati lilipovutwa, haikulala vizuri hata kwa mpira. Mvua ikinikuta kwenye zile kona za Soni, tone linaingia pale, linateremka kwenye ukuta na kuniangukia goti la kulia. Leo alfajiri nilifika Mombo na kanga imelowa upande mmoja.

Juzi yule kijana alinitumia ujumbe: "Mama boneti za 109 zimeingia, nikuwekee moja?" Boneti yangu imeoza kona ya mbele na bei aliyoandika ni nzuri. Nimeusoma, tiki anaziona ni bluu. Sijamjibu.