Elixir na Phoenix: mwaka mmoja wa kuendesha mfumo wa oda

Kwa zaidi ya mwaka mmoja nimejenga na kuendesha mfumo wa oda wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi kwa Elixir, lugha ya kuandikia programu iliyoanzishwa na José Valim wa Brazil, pamoja na Phoenix, fremuweki yake ya kujengea programu za wavuti. Nilitokea kwenye PHP, lugha nyingine ya programu za wavuti, ambako kilichonichosha zaidi ni data kubadilika bila mimi kujua: oda inaingia kwenye funksheni (kipande cha programu kinachofanya kazi moja) ikiwa na mifuko 40 ya saruji, inatoka na 38, na mstari ulioipunguza hauonekani.

Katika Elixir data ikishaundwa haiguswi tena. Funksheni hupokea oda na kurudisha oda mpya, na ile ya awali hubaki kama ilivyokuwa. Alama ya |> hukabidhi matokeo ya funksheni moja kwa inayofuata, kwa hiyo kiini cha mfumo wangu husomeka kutoka juu kwenda chini: kagua akiba, piga hesabu, weka punguzo, hifadhi. Hesabu isipokubali, napima hatua moja moja hadi niipate iliyokosea. Kuzoea kuliniumiza kichwa, kwani ilinichukua karibu miezi miwili kuacha kutafuta kitanzi, yaani amri zinazojirudia, cha kuongeza namba ndani yake, na kuifikia Enum.reduce, funksheni ya Elixir inayopitia orodha na kuikusanya kuwa jibu moja, bila kusita.

Uimara wa Elixir unatokana na Erlang, lugha ambayo Elixir hutumia mfumo wake wa kuendeshea programu, iliyobuniwa na kampuni ya Ericsson ya Uswidi katika miaka ya 1980 kwa ajili ya mitambo ya simu isiyotakiwa kuzimika. Kila ombi hushughulikiwa na mchakato wake mdogo, usiochangia kumbukumbu na mwingine. Asubuhi moja kampuni inayotupitishia malipo ya simu ilianza kututumia taarifa zenye kiasi kilichoachwa tupu. Funksheni yangu ilitarajia namba, ikaanguka, lakini ulioanguka ni mchakato wa muamala ule peke yake. Wauzaji wawili waliokuwa wakiandika oda hawakuhisi chochote. Kwenye rekodi za seva nilikuta umbo kamili la data iliyokataliwa, nikaiongezea funksheni kifungu kimoja kinacholitambua, na kazi ikaisha kabla ya chai ya saa nne.

LiveView siwezi kuisifu bila mipaka. Sehemu hii ya Phoenix huweka hali ya ukurasa kwenye seva na kupeleka kwa kivinjari vipande vilivyobadilika tu. Dukani, penye intaneti ya waya, ni raha tupu: kaunta moja ikiuza nondo, akiba hupungua papo hapo kwenye skrini ya kaunta ya pili, nami sikuandika JavaScript yoyote, lugha inayoendeshwa ndani ya kivinjari, kwa ajili hiyo. Madereva wetu, hata hivyo, hutumia simu wakiwa barabarani, na mtandao ukikatika vitufe vinaacha kuitika. Ukirudi, yaliyoandikwa kwenye fomu hurejeshwa, ila bidhaa ambazo dereva alikuwa ameziwekea alama, nilizokuwa nimezitunza ndani ya mchakato, zinapotea zote. Ilinibidi niandike upya kurasa zao kwa JavaScript ya kawaida, zihifadhi kwanza ndani ya simu, kazi ya wiki tatu ambayo ningeiepuka kama ningefikiria njia wanazopita kabla ya kuchagua zana. Kurasa za kaunta nimeziacha kwenye LiveView, na sina mpango wa kuziondoa.