Kifurushi cha vipimo vya uchovu, Moshi: uzoefu wangu

Nauza mitumba Kiboriloni, kwa hiyo kuchoka nakujua. Uchovu huu ulikuwa mwingine. Nikifungua belo leo, kesho mwili wote umevunjika, kichwa kizito, chenji ya mteja naihesabu nakosea. Nalala usiku kucha, naamka kama niliyekesha. Ikapita zaidi ya nusu mwaka.

Dispensari waliniambia nina taifodi, mara UTI, kisha taifodi tena. (Kipimo cha Widal, kile cha taifodi, kinaweza kusoma hata ugonjwa uliopona zamani, lakini nani atakwambia?) Ndipo nikaenda maabara moja binafsi mjini yenye kifurushi cha "uchovu sugu".

Kazi yao ni nzuri. Dada anayetoa damu ana mkono mwepesi, na aliandika jina langu kwenye kila chupa nikiwa nimekaa palepale. Jioni majibu yakaingia WhatsApp: picha kamili ya damu, akiba ya chuma, sukari, homoni za tezi ya shingo, figo, ini. Yote safi.

Kilichoniudhi ni kijana wa mapokezi: "Dada, uchovu sugu huna, majibu yanaonyesha."

Si kweli. Daktari aliyenisomea majibu alieleza kwamba hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha ugonjwa wa uchovu sugu. Damu inapimwa ili kuondoa mengine yanayochosha na yenye tiba, kama upungufu wa damu au tezi ya shingo inayofanya kazi chini ya kiwango. Yakishaondolewa, ugonjwa unatambuliwa kwa maelezo ya mgonjwa: uchovu wa miezi 6 au zaidi, kuzidiwa baada ya kazi ndogo, usingizi usioburudisha, na juu yake akili kuwa na ukungu au kizunguzungu ukisimama. Akanipima presha na mapigo ya moyo nimelala, kisha nimesimama nimeegemea ukuta dakika 10, kila mara akiandika. Kifurushi hakina hicho.

Hakina kipimo cha brusela pia, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, na huku kwetu kwenye ng'ombe na maziwa mabichi hilo ni pengo. Daktari aliniongezea kipimo hicho aliposikia nakunywa mgando wa shemeji kule Sanya Juu. Sikuwa nayo.

Dawa ya kuponya hakuna. Ninachofanya ni kugawa kazi: belo siku moja, siku inayofuata nakaa nauza tu. Waliokuwa wananiambia nikimbie asubuhi nizoee, hata mwongozo wa matibabu wa Uingereza wa 2021 umeacha kupendekeza mazoezi ya kuongeza kidogo kidogo kwa wagonjwa hawa.

Maabara nyota nne, mapokezi moja. Ukienda, anza kwa daktari akuandikie kimoja kimoja. Bima yangu ilikataa kifurushi, ila brusela aliyoiandika yeye ililipiwa.