Nimekula bunju Busan: uzoefu wangu na supu ya bokguk

Kwa sisi tuliokulia pwani ya Tanga, bunju, samaki mwenye sumu, si kitoweo. Baba yangu ni mvuvi wa ngalawa, na kila alipomkuta bunju ndani ya dema, kavimba kama mpira, alimchimbia shimo mchangani asije akaliwa na paka, au na mtoto asiyejua. Basi sunbae wangu wa maabara, yaani mwanafunzi aliyenitangulia, ambaye hapa Korea huheshimiwa kama kaka mkubwa, aliponialika Jumamosi tukale bokguk, nilitafuta picha kwenye simu nikakuta ni bunju yule yule. Nikamwambia, "Kaka, huyu kwetu anaua." Akanijibu, "Hapa pia anaua. Ndiyo maana tunakwenda kwa mwenye cheti."

Tulikwenda kwenye mgahawa mmoja mitaa ya nyuma ya ufukwe wa Haeundae, hapa jijini Busan. Saa tatu asubuhi viti vimejaa, kwa sababu watu wa Busan huamini supu hii humsafisha mtu aliyelewa jana yake. Mimi situmii pombe, nilifuata ladha tu. Kitu cha kwanza nilichokitafuta ukutani ni hicho cheti, na kweli kilikuwepo, ndani ya fremu. Korea hairuhusu mtu kupika bunju mgahawani bila leseni ya serikali, na mtihani wake wa vitendo humtaka mpishi ampasue samaki, atenganishe kinacholika na kisicholika, kisha aandae chakula mbele ya wasimamizi. Tena si kila bunju anaruhusiwa. Orodha ya serikali ina aina 21 tu.

Bei hutegemea aina. Eunbok, bunju wa rangi ya fedha, ndiye wa bei nafuu. Juu yake kuna milbok na kkachibok, na kileleni yupo chambok. Nilichukua eunbok kwa won 14,000. Chambok alikuwa zaidi ya mara mbili ya hapo, na mkoba wa mwanafunzi haukufika.

Supu ililetwa ikichemka ndani ya chungu cheusi cha udongo. Mchuzi mweupe, unaona hadi chini: vipande vya samaki na mifupa yake, figili, soya zilizochipua, na juu yake rundo la minari, mboga ya majani mabichi yenye harufu kali kidogo. Mama mhudumu, ambaye wote humwita imo, mama mdogo, alizitoa zile soya kwa vijiti akazichanganya na rojo la pilipili kwenye bakuli la pembeni, zikawa kama kachumbari. Kisha akanionyesha chupa ya siki: matone machache tu ndani ya mchuzi. Fanyeni hivyo hivyo. Kabla ya siki mchuzi ni mtamu lakini umelala. Baada ya siki unaamka.

Kijiko cha kwanza nilikishika muda mrefu. Nasomea uvuvi, kwa hiyo ninachokiogopa nakijua kwa jina. Tetrodotoksini, sumu ya bunju, hukaa zaidi kwenye ini na mayai, na kwa aina nyingine hata kwenye ngozi na nyama. Moto hauiui, hata uchemshe kutwa. Dawa ya kuiondoa mwilini haipo. Midomo na ulimi hufa ganzi, viungo hulegea, mwisho misuli ya kupumua husimama huku mtu akili zake timamu anasikia kila kitu. Kinachomwokoa ni mashine ya kupumulia, iwahi, hadi sumu iishe yenyewe. Nilipiga bismillahi nikanywa, na kwa dakika nyingi nikawa najiuma midomo kupima kama bado naihisi. Niliihisi.

Ladha yake sasa. Nyama ya bunju ni nyeupe, imekaza, haivunjiki kama changu. Ukiitafuna utadhani kuku wa kienyeji aliyelelewa baharini, haina shombo hata chembe. Utamu wake uko kwenye mchuzi zaidi kuliko kwenye nyama yenyewe. Wiki mbili baadaye nilirudi nikamla wa kukaanga, na kwa maoni yangu huyo ndiye bora: nje mkavu, ndani laini na ana maji. Ngozi iliyochanganywa na mboga na pilipili sikuipenda, inateleza mno mdomoni.

Kasoro zipo. Orodha ya vyakula ilikuwa ya Kikorea pekee, bila sunbae nisingejua eunbok ni nini. Mifupa ni mingi na nyama ni kidogo kwa bei hiyo. Na wenzangu Waislamu, ulizeni kwanza kama wametia mvinyo wa mchele wa kupikia. Pale walinijibu vizuri bila kuchoka.

Naipendekeza kwa moyo wote, mkiwa Korea, kwenye mgahawa wenye leseni. Lakini nawasihi ndugu zangu wa Tanga, Pemba, Lamu na kote pwani: msione hii mkadhani bunju wa kwetu analika. Yule mkubwa wa mashavu ya fedha anayenaswa kwetu anafanana sana na eunbok, ila sumu yake huingia hadi kwenye nyama. Mwaka 1967 jarida la tiba la Afrika Mashariki lilichapisha kisa cha mvuvi wa Zanzibar aliyekufa kwa kula bunju. Kuosha, kukausha au kuchemsha hakusaidii.

Nilimpigia baba simu jioni ile kumweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Ini walilitupa wapi?" Sikuwa na jibu. Niliporudi kula wa kukaanga nilimuuliza mpishi, akanipeleka hadi mlangoni mwa jiko akanionyesha ndoo yenye mfuniko, imewekwa peke yake kando ya karo. Nilimwomba ruhusa nikaipiga picha, nikamtumia baba.