Shift MNC 13 na mabuti ya aina mbili: kabla hujailaumu baindingi, geuza buti uangalie soli

Wakuu, nimeulizwa sana kuhusu hizi baindingi za Shift (baindingi ni kile kifaa kinachoshika buti kwenye ski na kuliachia ukianguka) tangu niweke picha za Alta, kituo cha kuteleza theluji huku Utah, wengine wanauliza kwa nia njema, wengine wananicheka tu, Mtanzania na theluji wapi na wapi, na lazima atokee mtu amtaje yule Mkenya Philip Boit wa Olimpiki ya Nagano 1998. Sawa bana, ila yule alikuwa anakimbia ski za masafa, kisigino hakifungwi kabisa kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Hizi zangu ni za kupanda mlima kwa nguvu zako mwenyewe, kisigino kiko huru, chini ya ski umebandika zile ngozi za kuzuia kurudi nyuma, ukifika juu unabandua ngozi unafunga kisigino unashuka kama mtu aliyepandishwa na lifti ya mlimani. Kifaa kimoja kazi mbili, na hapo ndo shida zote zinapoanzia.

Niko Salt Lake City, milima ya Wasatch iko pale pale ukitoka mjini, kwa hiyo hapa watu wa kupanda ni wengi na maduka ya vifaa ni mengi, na ushauri wa bure nao ni mwingi kupita kiasi. Shift ninazo kwa misimu kadhaa sasa, natumia na mabuti mawili tofauti, moja la kushukia lenye soli ya GripWalk (soli ya kushukia iliyopinda kidogo ili utembee nayo vizuri) na moja la kupandia hasa lenye soli ya mpira iliyojikunja mbele. Review hii ni ya baindingi ila asilimia kubwa nitaongelea mabuti, mtanivumilia.

Kwanza ni kitu gani. Zamani mtu akitaka kupanda alikuwa na baindingi za fremu, yani buti limekaa juu ya reli na reli nzima inanyanyuka na mguu kila hatua, nzito balaa. Miaka ya 1980 Mwaustria mmoja anaitwa Fritz Barthel akaja na wazo la pini, vipini viwili vinabana ncha ya buti kutoka kushoto na kulia, buti lenyewe lina vishimo vya chuma vya kupokea pini, na nyuma pini nyingine mbili zinaingia kisiginoni. Dynafit wakalichukua na mpaka leo karibu kila baindingi nyepesi ya kupandia ni mtoto wa lile wazo. Nyepesi kweli, ila kwenye kushuka kwa kasi kwenye theluji ngumu wengi wanasema hawajisikii salama kama kwenye baindingi ya kawaida ya lifti. Shift, ambayo ni ya Salomon na ndugu zao Atomic, iliingia sokoni 2018 na ujanja wake ni kwamba ukipanda mbele unatumia pini, ukishuka zile pini zinajificha na mbele panageuka kuwa baindingi ya kawaida kabisa inayobana mdomo wa buti, yani ule ukingo wa soli unaotokeza mbele, na nyuma ni kisigino cha kawaida cha kukanyaga "ta!" kikafunga. Uzito wake ni karibu gramu 900 kwa mguu mmoja, mara mbili na zaidi ya pini tupu, hilo usidanganywe, utalisikia mapajani.

Kwa kushuka sina neno baya. Imetulia, buti halichezi, na ukienda siku ya lifti huhitaji ski nyingine. Mimi kwa hilo tu pesa yangu imerudi.

Sasa mabuti. Hapa ndo watu wanapotea, na siwalaumu maana maduka mengine nayo yanapotea. Ile herufi MNC maana yake ni kwamba inapokea soli za viwango vingi, ya kushukia ya zamani iliyo bapa (ISO 5355), ya GripWalk, na ya kupandia (ISO 9523). Watu wakisoma hivyo wanaelewa "inaingia buti lolote", halafu wanaondoka dukani wakichekelea. Hapana. Inapokea soli nyingi KAMA umeirekebisha kwa soli hiyo, na kila ukibadilisha buti unarekebisha tena. Soli bapa ya kushukia mdomo wake wa mbele una unene wa milimita 19, kuzidi au kupungua ni milimita 1 tu, kwa hiyo mabuti ya hivyo yote yanafanana. Soli ya kupandia ni mpira, ni nene zaidi, imejikunja, na unene wake unatofautiana kutoka buti moja hadi jingine. Chini ya ncha ya buti kwenye baindingi kuna kibao kidogo cha kuteleza, buti linapotaka kuachia pembeni linateleza juu yake, na kibao hicho kinapanda na kushuka kwa skrubu. Kikikaa juu sana buti linabanwa kati ya kibao na mabawa ya juu (yale yanayobana mdomo wa buti), halitoki hata goti likiomba. Kikikaa chini sana buti linacheza na linaweza kuachia kabla ya wakati.

Kuna jamaa yangu Mrundi, tulikutana kazini, Kiswahili chake kizuri kuliko cha wengi wetu, yeye alinunua Shift akafungiwa na buti lake la kushukia, safi kabisa. Msimu uliofuata akanunua buti la kupandia akalipeleka duka moja hapa mjini (jina naliacha) wamrekebishie. Wakasogeza kisigino kwa sababu urefu wa soli ulikuwa tofauti, wakaandika namba ya DIN (namba ya nguvu inayohitajika buti liachie) kwenye karatasi, wakampa risiti. Kibao cha mbele hawakukigusa. Akaanguka kule Grizzly Gulch, kuanguka kwa kijinga tu kwa polepole, ski haikutoka, goti likajikunja. Bahati hakikukatika kitu. Akanipigia, "Ndugu yangu, hii mashine yako uliyonisifia imekufa, nairudisha."

Nikamwambia usirudishe, lete ski na buti lenyewe, yale aliyoanguka nayo, siyo mengine. Tukaweka ski juu ya meza ya jikoni, mke wake ananiangalia vibaya, tukafunga buti kwenye baindingi likiwa tupu bila mguu. Jaribio la kwanza, nililipiga buti mbele kwa kiganja kutoka pembeni. Buti linatakiwa lisogee kidogo halafu lirudi lenyewe katikati kwa springi. La kwake lilisogea likakaa huko huko pembeni, ikabidi nilisukume kwa mkono kulirudisha. Jaribio la pili karatasi, unakata kipande cha karatasi ya kawaida unaweka juu ya kile kibao halafu unafunga buti, karatasi inatakiwa ukiivuta itoke kwa kubana kidogo bila kuchanika. Ya kwake ilichanika kipande kikabaki chini ya soli. Tukakishusha kibao, robo mzunguko, jaribu, robo nyingine, jaribu, mpaka karatasi ikavutika vizuri na buti likawa ukilipiga linarudi lenyewe katikati. Baindingi haikuwa na ugonjwa wowote. Baada ya hapo alienda duka lingine lenye mashine ya kupima nguvu ya kuachia, wakapima wakamwambia iko ndani ya kiwango. Na hiyo mashine siyo anasa wakuu, kiganja na karatasi vinakuonyesha kosa kubwa tu, havikupi namba.

Nyuma pia pana kipimo chake, watu wengi hawakijui. Kisigino kinasukuma buti mbele kwa springi na kuna skrubu nyuma inayoonyesha kama msukumo umekaa sawa, ukifunga buti kichwa cha skrubu kinatakiwa kiwe sawasawa na uso wa plastiki inayoizunguka, kisichomoze kisizame. Urefu wa soli umeandikwa kwa milimita ubavuni mwa buti karibu na kisigino, usifuate saizi ya mguu, mabuti yangu yote mawili ni saizi moja na urefu wa soli hazilingani.

Halafu kuna lile la vishimo. Shift itakupokea buti la kushukia lisilo na vishimo vya pini, utashuka nalo raha mustarehe, ila kupanda huwezi, hakuna pa kushika. Nimeona mtu kwenye parking ya Alta amefunga safari ya alfajiri ndo anagundua hapo, kasimama anaangalia buti. Na kinyume chake kipo, kuna mabuti mepesi sana ya kupandia yamekatwa mdomo wa mbele kabisa kama Dynafit TLT7, hayo yana vishimo lakini hayana mdomo, Shift haina pa kubana ukitaka kushuka. Ukiwa na buti la hivyo nunua baindingi ya pini tupu uachane na hii, hakuna marekebisho yatakayosaidia.

Ukisikia buti linachomoka kwenye pini wakati unapanda, hasa pale unapogeuza ski kwenye kona kali, tisa kati ya kumi ni barafu. Theluji inajishindilia ndani ya vishimo ukitembea na mabuti kutoka kwenye gari, ikigandamizwa na pini inakuwa jiwe, na nyingine inajaa chini ya mabawa ya mbele pale penye springi, mabawa yanaonekana yamefunga kumbe bado. Dawa yake, chokoa vishimo kwa ncha ya fimbo ya ski au kitu chochote chembamba, safisha chini ya mabawa, ingiza buti, halafu KABLA hujapandisha leva ya kufunga nyanyua na kushusha kisigino mara kadhaa, pini zinakwangua barafu iliyobaki. Ndo ufunge leva. Ukishafika juu na kugeuza kwenda kushuka safisha tena, maana sehemu ya mbele lazima igeuke mpaka mwisho, ikikaa nusu nusu usijiambie "itakaa tu". Theluji ya Januari hapa ni kavu haisumbui sana, mwezi wa tatu jua likianza kuilainisha mchana ndo utajua hujui.

Barafu ikiwa haipo basi angalia buti lenyewe lina umri gani. Soli kwa muda mrefu zina viwango vya ISO, vile vishimo vya pini kwa miaka mingi kila kiwanda kilikuwa kinafuata chake, na vinalika kwa matumizi. Buti la mtumba lenye vishimo vilivyopanuka linaweza kusumbua kwenye baindingi mpya kabisa. Na soli ya mpira ukitembea nayo sana kwenye mawe na lami inapungua unene, kwa hiyo lile jaribio la karatasi la mwaka jana limeshapitwa, rudia kila mwanzo wa msimu. Kama soli yako ni ya kufungua na kubadilisha, kaza skrubu zake, na bisibisi ya skrubu za ski ni Pozidriv namba 3, ile ya nyota ya kawaida ya nyumbani itakula kichwa cha skrubu halafu utalia.

DIN sasa. MNC 13 inaanzia 6 kwenda 13. Namba yako inatokana na uzito, urefu wako, umri, urefu wa soli na namna unavyoteleza, siyo na ushujaa. Mtu mwepesi au anayeanza mara nyingi namba yake iko chini ya 6, huyo achukue Shift 10 inayoanzia 4, asiuziwe 13 kwa sababu ndo iliyobaki stoo. Na baindingi ikiwa inaachia achia hovyo usikimbilie kuongeza DIN, pima kibao na msukumo wa kisigino kwanza, ukiongeza DIN juu ya kibao kilichokaa vibaya unaficha tatizo na goti ndo litalipa.

Ambavyo sivipendi, uzito nimeshasema. Kipande cha kuinulia kisigino ukipanda ni kimoja tu, kwenye mteremko mkali sana mwenye pini tupu ana ngazi mbili anakupita anapiga mluzi. Kubadilisha kutoka kupanda kwenda kushuka lazima uvue ski, na glavu nene inahitaji mazoezi, jizoezeshe sebuleni usije ukajifunzia kwenye upepo. Mtu anayepanda muda wote na lifti hagusi, mimi simshauri Shift, achukue pini. Mtu ambaye nusu ya siku zake ni lifti na nusu ni kupanda, na anapenda kushuka kwa nguvu, hii ndo yake.

Bei mpya ilikuwa dola mia tano na kitu, mwisho wa msimu zinashuka sana, mimi yangu nilivizia mwezi wa nne. Breki (zile zinazozuia ski isikimbie buti likiachia) chagua upana unaozidi kidogo upana wa ski yako katikati, milimita chache tu, ikiwa pana kupita kiasi zitakuwa zinagongana ukipanda. Na ukienda kufungiwa nenda na mabuti YOTE utakayotumia, siyo moja, simama pale pale mwambie fundi akuonyeshe ile karatasi ikivutika kwa kila buti kabla hujalipa.